Pete Nne za Mzee Gaspari

Mwezi wa nne tulimzika Ma Gaudensia kule Kaisho, kwenye kibanja chake mwenyewe, hatua chache kutoka alipolala mumewe. Padri alipoondoka na watu wakaanza kusogelea sahani za ndizi na maharage, nilijipenyeza nikaingia katika chumba kidogo kilicho ubavuni mwa sebule. Siku hizi wanaweka humo magunia ya maharage na pampu ya kunyunyizia dawa. Nilisimama katikati ya magunia kama mtu aliyesahau alichofuata. Mjukuu mmoja akachungulia, akaniuliza, "Shangazi, unatafuta choo?" Nikamwambia hapana, natafuta mwaka mmoja. Akaniangalia kwa huruma, akaenda zake.

Mwaka wenyewe ulikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini, Kaisho ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Karagwe, nami nikiwa na miaka ishirini. Habari za kwetu, nani alimzaa nani na kwa nini sikuendelea na shule, nitaziacha. Kila ukoo una hadithi hiyo na zote zinafanana. Inatosha kusema nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sikuitwa popote, na nilikuwa na ugonjwa mmoja: kila redio niliyoiona nilitaka kuifungua. Nilikuwa nimekwisha kuharibu mbili za watu. Ndipo nikapelekwa kwa Mzee Gaspari, ama nifundishwe ama nikome. Alikuwa fundi redio pekee kwa maili nyingi, mzee mfupi mwenye shati lililofungwa vifungo hadi kooni, aliyeletwa na wazazi wake kutoka Rwanda akiwa mtoto na akafanya kazi ya simu za maandishi Bukoba mpaka akastaafu. Ukutani juu ya meza yake, katika kile chumba cha ubavuni mwa sebule, kulikuwa na karatasi ya serikali ndani ya fremu: leseni ya redio ya ridhaa. Yaani aliruhusiwa kuzungumza kwa redio na watu wa nchi nyingine wenye leseni kama yake, bila mshahara, bila biashara, kwa kupenda tu. Kwa miaka kumi na miwili, kila Jumapili saa kumi jioni, alikuwa amezungumza kwa herufi za Morse na mzee mmoja wa Uswidi aitwaye Nils, fundi saa. Hawakuwahi kuonana. Walijuana kwa milio mifupi na mirefu tu, na Mzee Gaspari alimjua Nils kuliko alivyomjua jirani yake wa ng'ambo ya barabara.

Kisha radi ikapiga. Nilipofika, redio yake kubwa ya zamani ilikuwa imekaa chini ya meza ikinuka moshi, na juu ya meza kulikuwa na sanduku lililotoka Uswidi. Nils alikuwa amesikia kimya, akaandika barua, akajibiwa, akatuma redio mpya. Ila haikuwa redio. Ilikuwa vipande: kibao chenye mistari ya shaba, mifuko ya vijidude vya rangi rangi, nyaya nyembamba kama nywele, na kijitabu cha kueleza kipi kiende wapi. Ukiunganisha vyote sawasawa, unapata chombo kidogo kinachosikia na kusema, chenye nguvu isiyozidi ya taa ya baiskeli. Nilipokiona kile kijitabu niliona njaa, njaa hasa, kama mtu aliyefunga siku tatu. "Macho yangu hayaoni tena vitu vidogo hivi," Mzee akaniambia. "Wewe utakuwa mikono, mimi nitakuwa ubishi."

Ubishi ulikuwepo wa kutosha. Umeme haukuwepo Kaisho, kwa hiyo pasi za kuyeyushia risasi, yale madini laini ya kuungia nyaya, zilikuwa mbili za shaba, tukizipasha moto kwenye jiko la mkaa. Moja ikiwa mkononi mwangu, nyingine ilikuwa motoni. Ukichelewa kidogo, risasi inaganda juu ya waya bila kushika. Ukiwahi mno, unaunguza kijidude kilichovuka bahari. Mzee alinifundisha kuisogeza ncha ya pasi karibu na shavu, nisiiguse, na kuujua moto wake kwa ngozi. Nina alama hapa chini ya jicho ya siku niliyozidisha kusogeza. Kila kiungo alikikagua kwa kioo cha kukuzia, akihema puani, halafu akatamka hukumu: "Hiki kimeshika," au "Hiki kinadanganya." Nikibisha, ananiambia nikivute. Nilipokivuta kilitoka, karibu kila mara. Mwaka jana niliunganisha redio nyingine kwa mkono wangu, nayo ililetwa kwa vipande. Kazi kubwa ndani yake inafanywa na programu ya kompyuta, na mawimbi yote yanaonekana kwenye skrini kama mvua inayoshuka. Ni kitu cha ajabu na ninaipenda. Lakini hata hiyo ina viungo kumi na vinne vya risasi, na nilipovimaliza nilijisikia nikisema peke yangu, kwa sauti, "Hiki kinadanganya." Nikakirudia.

Chakula tulikula saa nane, watatu, kwenye mkeka sebuleni. Ma Gaudensia alipakua ndizi zikiwa bado zinatoa mvuke kwenye majani yake, na Mzee, badala ya kula, aligonga sahani kwa kijiko: ta-ti-ta-ti, ta-ta-ti-ta. Mimi nitaje herufi kabla sijameza. "Kijiko ni cha kulia, Gaspari," mkewe akasema. "Kila kijiko cha nyumba hii kimepinda kwa sababu ya Wazungu wako." Mzee hakujibu. Nilidhani ni dharau za wanaume wa zamani. Wiki kadhaa zilipita kabla sijaelewa kwamba hakuwa amesikia.

Nilielewa kwa njia ambayo nyumba ile ilielewa mambo yote. Usiri haukuwezekana pale, maana mwanamke anayenong'ona na mume mzito wa masikio hunong'ona mpaka kwa jirani. Asubuhi moja nilikuwa nikipuliza mkaa ukumbini, wao wako chumbani, nikamsikia Ma Gaudensia akisema siri yake kwa nguvu zote: "Daktari amesema mwaka! Mwaka mmoja, labda na nusu, kisha hutasikia hata radi! Nawe unashinda unaunganisha redio!" Halafu sauti ya Mzee, taratibu kabisa: "Ndiyo maana naunganisha, mke wangu waitu. Nataka nimsikie Nils mara moja tena kwa masikio yangu. Ikichelewa, nitakuwa nimetengeneza kabati." Akacheka peke yake. Mkewe hakucheka. Alitoka na ndoo, akaniona nimeinama juu ya jiko, akaniambia kwa hasira, "Sikio la kufa halisikii dawa!" Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Kuanzia siku hiyo nilifanya kazi tofauti. Nilikuwa nimekuja kujifunza ufundi. Sasa nilikuwa nakimbizana na masikio ya mtu.

Sasa niungame. Kosa lililotuchelewesha lilikuwa langu, ingawa Ma Gaudensia alikufa akidai ni lake. Mifuko ya vile vipande ilikuwa ikipasuka, nikaamua kuvipanga. Vingine niliviweka kwenye kopo la chumvi, vingine kwenye kifuniko cha mafuta ya nywele. Palikuwa na pete nne nyeusi, za jiwe la chuma, kila moja ndogo kama tunda la kahawa lililokauka, ambazo tungezizungushia waya wa shaba kutengeneza moyo wa kile chombo. Bila pete zile redio isingesikia wala kusema. Nikaona kikapu kidogo chenye kifuniko kikining'inia sebuleni, kitupu. Nikazitia humo. Mtu yeyote wa huku atakuwa ameshashika kichwa. Kikapu cha namna ile kwenye sebule ya mtu mwenye heshima zake hakikai kitupu: ni cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya harufu kisha ikaanikwa, anayopewa mgeni kabla hajasema shida yake. Kilikuwa kitupu kwa siku moja tu, kwa sababu kahawa mpya ilikuwa juani. Jioni Ma Gaudensia akaianua, akaimimina. Hakuchungulia ndani. Nani huchungulia kikapu chake mwenyewe?

Kesho yake akaja Katibu Tarafa. Sisi ni watu wa mpakani, vita vilikuwa havijasahaulika, na mtu mwenye redio ya kusema na nchi za nje, tena aliyezaliwa ng'ambo, hakukosa wageni wa namna hiyo. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yakipenya mlango wa chumba cha pili hadi kwenye kile kibao mezani. Aliingia akaisoma leseni ukutani mara mbili, akarudi kuketi. Ma Gaudensia akapiga goti, akammiminia kahawa kiganjani. Akatupia mbili tatu mdomoni kama desturi, zilizobaki akazitia mfukoni za kutafuna njiani, nayo ni desturi pia. Kisha tukasikia *ka*. Mlio wa jino. Uso wake haukubadilika, na hapo nilimheshimu. Mgeni hatemi kahawa ya mwenyeji. Aliendelea kutafuna upande mwingine, akauliza maswali yake, akajibiwa, akanywa maji. Alipoinuka kwenda ndipo alipotoa kitambaa, akageuka kando, na kuweka kitu kwenye ukingo wa kisosi. "Mama, kahawa yako ni nzuri," akasema, "ila ina mfupa."

Ilikuwa pete, vipande viwili. Nilikimbilia kikapu nikakimwaga chote mkekani. Nikapata moja. Mbili zilikuwa zimekwenda, ndani ya mfuko wa serikali.

Ma Gaudensia aliketi chini akafunika uso kwa khanga. "Nimemlisha mkuu wa tarafa redio!" akalia. Mzee alitaka kujua kwa nini tunalia; ilibidi nimpigie kelele sikioni, kosa langu lote, neno kwa neno, mpaka wapita njia wakasimama. Nilitegemea anifukuze. Aliokota vile vipande viwili akavisogeza pamoja, vikakutana vizuri. "Hii itashika kwa gundi," akasema. "Zile mbili, zifuate." Nikamwambia naogopa. Kwenda kumdai mkuu kitu kilichomo mfukoni mwake, tena kitu cha redio anayoitilia shaka, ni kujipeleka mwenyewe rumande. "Uoga wako utaisha," akanijibu. "Masikio yangu pia."

Nilipiga moyo konde, nikaenda ofisini kwake kesho yake asubuhi, mkononi nimeshika pete iliyobaki ili imwonyeshe nisemacho. Nilimweleza yote, na habari ya masikio nikaiweka mwisho, nikiwa tayari nalia. Aliigeuza ile pete, akaigonga mezani, akagusa shavu lake. "Binti, hizo kahawa nilimpelekea mama mkwe wangu Bugomora jana ileile. Mimi na jino hili ningezitafuna na nini?" Akachukua moja ya kalamu zake tatu, akaandika barua ya mistari miwili yenye muhuri, eti huyu binti asaidiwe. Sijui kama serikali imewahi kupiga muhuri barua ya kufuatilia kahawa. Nilitembea hadi Bugomora na ile karatasi kifuani, migomba huku na huku, nikiomba njia nzima kwamba bibi asiwe na meno mazuri.

Hakuwa na meno kabisa. Alikuwa bibi mwembamba, mchangamfu, anapalilia maharage. Akanikaribisha, akanipa maji ya ndizi mbivu, akataka habari za Kaisho nzima kabla hajaniruhusu kueleza shida. Nilipomwonyesha ile pete aliwaka uso. "Zimo!" akasema. "Zimo, nimezihifadhi vizuri." Akanishika mkono kunipeleka nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha mgomba, ambako palikuwa na makopo mawili ya udongo mweusi, yamenyunyiziwa maji asubuhi ileile, yamefunikwa majani makavu. Mkwe wake ni mtu wa serikali. Serikali ndiyo iletayo mbegu mpya za kahawa. Katikati ya kahawa ya kawaida alikuta mbili ngumu kama jiwe, zenye tundu katikati. Akajua ni mbegu ya kisasa, akazipanda. "Wametoboa tundu ili mzizi upite," akanieleza. Nilimwambia ukweli kwa upole nilioweza. Aliyatazama makopo yake. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akashikilia mgomba. "Basi ungeniachia, mjukuu wangu. Ningevuna redio, kila tawi linaimba!" Tulichimba kwa vidole, mimi kopo langu, yeye lake. Hakutaka nishike njia bila chane ya ndizi kichwani.

Nilidhani mambo yamekwisha, kumbe kuzungusha waya kwenye pete zile ndiko kulikokuwa kazi. Kila mara waya ukipita ndani ya tundu unahesabu moja. Ukikosea, chombo kinasikiliza mahali pasipo na watu. Nilikosea mara tatu. Mvua za vuli zikaja, mkaa ukawa na unyevu, risasi ikaganda. Betri ya gari tuliyotegemea ilibebwa kwa baiskeli hadi kwenye mashine ya kukoboa kahawa ikachajiwe, ikarudi imemwagika tindikali. Na kila wiki ilikuwa inachukua kitu. Mwezi mmoja Mzee aliacha kusikia ndege. Mwezi uliofuata aliacha kusikia vigelegele kanisani. Alimwona Ma Gaudensia amefungua mdomo, akaniuliza kama ana maumivu. Mkewe aliacha kulalamika juu ya vijiko. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Tulimaliza siku ya Ijumaa. Badala ya waya wa angani wa kurushia mawimbi, Mzee aliunganisha balbu ya tochi, akaniambia nibonyeze ufunguo, kile kidude cha kugongea herufi. Balbu ikawaka. Hafifu, ya rangi ya chungwa, lakini iliwaka, na kila nilipoachia ilizimika. Ma Gaudensia aliyekuwa mlangoni akapiga ishara ya msalaba. Jumamosi tulitundika waya kati ya mikaratusi miwili. Jumapili baada ya misa hakuna aliyekula vizuri. Saa kumi kasoro robo Mzee alivaa shati jeupe, akafunga vifungo hadi kooni, akavaa spika za masikioni. Zilikuwa jozi moja, tukazipindua: yeye upande mmoja, mimi upande mwingine, vichwa vimegusana.

Nilimsikia Nils kabla ya saa kumi kugonga. Mlio mwembamba, mkali, kama wa mbu: jina la kituo cha Mzee, mara tatu, kisha kimya, kisha tena. Kumbe aliita kila Jumapili mwaka mzima, huku akijua hakuna wa kumjibu. Niligeuka kwa furaha kumtazama Mzee. Alikuwa amefumba macho, amekaza uso. "Bado," akasema. "Bado hajaanza."

Sikuweza kumwambia. Nilimwona Ma Gaudensia ananitazama, naye akajua kutoka usoni mwangu. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa cha kutafutia stesheni, na ulianza kukizungusha wenyewe, kidogo sana, si kwa akili bali kwa kukosa la kufanya. Mlio wa Nils ukashuka. Katika redio ya namna ile, ukisogea kidogo kutoka alipo mtu, sauti yake hupanda au huteremka, na siku hizi najua pia, kwa kuwa daktari alinieleza, kwamba masikio mengi hufa kuanzia juu. Sauti nene ndizo za mwisho kuondoka. Siku ile sikujua lolote. Nilizungusha tu. Mbu akawa nyuki, nyuki akawa ngoma ya mbali, na mkono wa Mzee ukanikamata kifundo. "Hapo! Usiguse! Acha hapo!" Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye kola. "Ni yeye," akasema. "Sikiliza anavyovuta ile ya mwisho. Ni yeye."

Akajibu kwa mkono wake. Nils akapoteza mpangilio kabisa, akatuma herufi zisizo na maana, kisha akatulia. Mzee aliandika kila alichosikia kwa penseli, kama alivyofundishwa Bukoba, na Ma Gaudensia alisimama nyuma yake akitazama maandishi asiyoweza kuyasoma. "Anasemaje?" akauliza. Mzee hakumsikia, nikamsomea mimi. Anasema theluji imefika kwenye dirisha. Anasema aliogopa umekufa. Anamsalimia mama wa nyumba. "Mwambie nimeitika," akasema Ma Gaudensia, akakaa chini palepale sakafuni.

Masikio ya Mzee yaliishi miezi minane baada ya siku hiyo, kisha yakafunga, na sauti nene nazo. Jumapili ya kwanza ya kimya alikuja mezani vilevile, shati jeupe, vifungo hadi kooni. Akanivisha spika zote mbili. Akaniwekea penseli mkononi, naye akashika ufunguo. Nilisikia, nikaandika, alisoma herufi zikitoka kwenye penseli yangu, akajibu kabla sijamaliza sentensi. Tulifanya hivyo kila Jumapili kwa miaka mitatu, hadi alipofariki. Nimefanya kazi ya mitambo ya mawasiliano maisha yangu yote, nimepata mshahara na heshima, na vyote navishukuru, lakini sijapewa tena kiti kama kile. Nils hakuwahi kuambiwa kwamba masikio yalikuwa yangu. Hakukuwa na haja. Mkono uliomjibu ulikuwa uleule.